Sauti ya Fide Mkwaruzo

Alhamisi, jioni.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Julai inayowafanya watu wa Ifakara watoe makoti ya mitumba kana kwamba tumehamia Njombe. Sasa hivi jua limeshuka nyuma ya bati la jirani, vumbi la malori ya mpunga limetulia kidogo, nami nimekaa uani kwenye kigoda, simu mkononi, natabasamu peke yangu. Mtu akichungulia atadhani nimechanganyikiwa. Aache adhani.

Nimepumua. Leo nimepumua.

Sijaandika hapa muda mrefu. Mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimeolewa tena nimewaona, na jibu ni hapana. Ni kwamba kila nikifungua ukurasa huu, kichwani kulikuwa na jambo moja tu, na nilikuwa naogopa kuliandika. Nilijiaminisha kwamba nikiliandika nitakuwa nimelipa nguvu. Ujinga, najua. Mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye duka lake, naogopa maneno.

Jambo lenyewe lilikuwa koo la Fide.

Kama hukai Ifakara humjui Fide, lakini kama umewahi hata kulala hapa siku moja umemsikia. Ndiye anayepita na bajaji yenye spika juu ya paa akitangaza mechi, mikutano, mbegu mpya za mpunga, mtoto aliyepotea, msiba wa Lipangalala. Hasomi matangazo kama wengine wanavyosoma. Anachana. Mbolea inakuwa na vina, mkutano wa mtaa unakuwa na kiitikio. Nimewahi kuona akina mama sokoni wakiacha kupima dagaa ili wamalizie mstari pamoja naye. Na sauti yake, jamani, ile sauti: nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu anaburuta jembe kwenye changarawe. Ndiyo maana jina lake la jukwaani lilikuwa Mkwaruzo, na mpaka leo wapo watu wazima wanaomwita hivyo mbele ya watoto wake.

Jina la jukwaani, ndiyo. Sisi tulikuwa na jukwaa.

Mimi, Fide na Beka tulikuwa kundi. Beka ndiye aliyepiga biti kwa mdomo. Siku hizi ananunua mpunga Mlimba na ana kitambi cha heshima. Mimi nilikuwa MC Kole, kifupi cha Koleta, msichana pekee, mwenye mdomo ambao mama yangu alisema ipo siku utaniletea kesi. Enzi hizo kila mtaa wa mji huu ulikuwa na masela wake wa kuchana. Kibaoni walikuwa na kundi lao, Viwanja Sitini walikuwa na lao, na Mang'ula walikuwa wakija na mabegi mgongoni wakijiona wametoka Ulaya kwa sababu kwao kuna watalii. Redio ya Dar ilishika kwa kubahatisha. Ukitaka wimbo, unakaa na redio kaseti, kidole kwenye kitufe, unaomba mtangazaji asiongee juu yake. Anaongea.

Lakini shule yetu ya kuchana haikuwa redio. Ilikuwa ndege.

Mpunga ukianza kuiva huku kwetu, familia inahamia shambani kuamia. Mnajengewa dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu katikati ya shamba, na unashinda humo tangu alfajiri mpaka jua lizame, unapiga kelele ili kweleakwelea wasitue. Shamba letu, la kina Fide na la kina Beka yalipakana. Kelele tupu zinachosha. Kwa hiyo siku moja Fide, badala ya kupiga ukelele wa kawaida, alinitukana kwa vina kutoka dunguni kwao. Nikamjibu. Beka akatia biti kwa debe bovu. Ndege wakaondoka. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi, msimu mzima tunachanana shamba kwa shamba, na yule ambaye ndege wametua kwake ndiye aliyeshindwa.

Jina la kundi tukajipa Kweleakwelea.

Hebu fikiria. Bonde zima linakula kwa mpunga, kila mzazi anawalaani ndege hao kuliko anavyomlaani shetani, halafu watoto wanapanda jukwaani kwenye ukumbi wa parokia wanapaza sauti, "Nani anakula mpunga wenu?" wakitegemea watu waitike, "Kweleakwelea!" Mara ya kwanza ukumbi ulitukodolea macho. Baba mmoja alisimama, akamshika mke wake mkono, wakaondoka. Sisi tuliona ni jina kali, basi. Hatukulibadilisha, na watu wakatuzoea hivyohivyo kama wanavyozoea mafuriko.

Mkwaruzo wa Fide ulianzia hukohuko mashambani. Kila msimu sauti ilizidi kuwa nzito, na kila ilipozidi sisi tulizidi kushangilia. Tulidhani ni kipaji kinakomaa. Baadaye akanunua bajaji na spika, mkwaruzo ukawa ndio biashara. Kisha akaanza kukohoa kila akimaliza kutangaza. Akanywa tangawizi, halafu asali, halafu mizizi aliyopewa na mtu wa Mngeta. Wifi Skola, mke wake, akamwambia aende hospitali. Hakwenda. Mimi nikamwambia. Hakwenda. Alitueleza wazi bila aibu kwamba daktari akiondoa mkwaruzo atakuwa amemwondoa na Fide mwenyewe. Nani atamsikiliza mtu mwenye sauti ya kila mtu?

Nilimgombeza, lakini moyoni nilimwelewa. Na mimi sikutaka mkwaruzo uondoke.

Niseme kweli. Sauti ile ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichobaki. Ukumbi wa parokia umepigwa vigae na unafanyiwa harusi. Kibanda kilichokuwa kikirekodi kaseti sasa kinauza vocha na soda. Vijana wa sasa wanachana vizuri, tena wana vifaa, lakini wanajirekodi kwenye simu vyumbani mwao, huwaoni. Ila mimi nikiwa dukani, mguu kwenye cherehani, nikisikia mkwaruzo unakuja kutoka stendi, nilikuwa narudi kuwa MC Kole mpaka bajaji ipite. Kwa wengine lilikuwa tangazo la mbolea tu.

Sasa, ilikuwa wakati wa masika, Fide anatangaza msiba karibu na duka langu. Nilimsikia vizuri. "Familia ya marehemu inawataarifu ndugu, jamaa na..." Kimya. Bajaji inatembea, spika zinavuma, hakuna neno.

Watu wakatoka madukani. Na unajua walichofanya? Walikimbilia spika. Fundi redio alikuja na bisibisi akafungua ampulifaya. Mwingine akaleta betri ya pikipiki yake. Mzee mmoja akashauri wapulize maiki, huenda imeingia pumba za mashineni. Walihangaika na vyombo vile, wote wakimpa pole Fide kwa kuharibikiwa, naye amekaa kwenye kiti cha dereva, mdomo wazi, anatikisa kichwa, anajionyesha shingoni kwa kidole. Hakuna aliyemwangalia. Kwa akili zetu mashine inaweza kuharibika, Fide hawezi.

Nilipokiona kile kidole niliachia mkanda wa kupimia na pini, vikadondoka hapohapo.

Basi ndipo hospitali ikaanza. Ilikuwa bahati kwamba madaktari bingwa walikuwa wanakuja hapa mjini kwa kambi, la sivyo tungeanza kuhangaikia safari ya Dar. Walimpitishia kamera kooni wakakuta kinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti. Wakakitoa kwa kupitia mdomoni, bila hata kumpasua shingo, na wakakipeleka kupimwa kuona kama ni cha kawaida au ni kile tusichopenda kukitaja. Kisha wakampa amri moja. Asitoe sauti mpaka siku ya kurudi. Asiongee, asiimbe, asikohoe kwa makusudi, na hata kunong'ona asinong'one. Wifi Skola aliuliza kama sauti itarudi. Daktari alisema wanatarajia irudi. Neno hilo "wanatarajia" nililirudia njia nzima mpaka nyumbani.

Fide na kimya. Wanaomjua wanaelewa adhabu hiyo. Wifi alinipigia simu.

"Wifi, njoo ukae na kaka yako. Anaangalia ukuta mpaka ukuta unaona aibu."

Fide si kaka yangu wa damu, lakini baada ya misimu yote ile ya kutukanana dunguni hakuna anayekumbuka tofauti.

Siku ya kwanza niliongea mimi. Niliongea mpaka nikaishiwa, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Fide alikuwa akijibu kwa kuandika kwenye simu na kunigeuzia kioo, ila kuandika kulimchosha, akawa anaandika neno moja moja kama mtu anayelipia kila herufi. Kwa hiyo siku iliyofuata nikaenda na sanduku.

Hilo ni sanduku la bati ambalo lilikuwa limefukiwa kwenye mpunga ghalani kwa marehemu mama. Huku kwetu kitu kinachoogopa unyevu hukifunikii nailoni, unakifukia kwenye mpunga, nao unakinywea maji yote. Kila mavuno tulikuwa tunalifukua na kulifukia upya kwenye mpunga mpya. Ndani yake ndimo ilimo Kweleakwelea nzima.

Nikatoa kitu kimoja kimoja juu ya kitanda chake. Fulana zetu za mitumba tulizoziandika jina kwa rangi ya mabango. Rangi iligoma kukauka, tukapanda nazo jukwaani mbichi, na ya Beka mpaka leo ina alama ya kiganja cha binti aliyemkumbatia. Kofia za sufu. Kofia za sufu, Ifakara, Desemba! Tulikuwa tunaoga jasho ili tufanane na watu ambao kwao kuna theluji. Tangazo la manila lililoandikwa kwa maka pen, limeliwa pembeni na mende. Picha tuliyopiga studio mbele ya pazia lililochorwa maghorofa na ndege ya abiria, tumechuchumaa, tumenuna, na Fide amevaa mnyororo wa baiskeli shingoni kama mkufu. Grisi yake ilichafua kola ya shati la shule, na kipigo alichokipata nyumbani kilisikika mpaka kwetu.

Fide alicheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Wifi Skola akaja mbio na kumwekea kidole mdomoni kama mtoto.

Halafu nikatoa kaseti. Ni ile ya usiku tuliowashinda Mang'ula ukumbini, imerekodiwa na mtu aliyekuwa ameshika redio kichwani. Nilizunguka mji mzima kutafuta redio ya kaseti inayofanya kazi. Niliipata moja kwa fundi, amegeuza tundu lake kuwa mahali pa kuwekea misumari. Kwa hiyo nikaamua kaseti nitakuwa mimi. Nikafunga kanga kiunoni, nikasimama katikati ya chumba cha watu, nikachana.

Usiku ule tulikuwa tunakaribia kuzomewa. Mang'ula walikuwa wamemaliza kutuchana kwamba sisi ni watu wa matope. Ndipo nikashika maiki mimi na kusema mistari ambayo hata leo nikiisema nywele zinasimama:

Babu alinipa kombeo, sikupewa kalamu,
Shule yangu ni dungu, kengele yangu ni zamu,
Ndege wakija elfu sauti yangu ni sumu,
Mang'ula kaeni chini, leo tunawapa elimu.

Ukumbi ulipasuka. Wale wazazi waliolichukia jina letu ndio waliosimama kwanza, maana waliokaa dunguni enzi zao ni wao.

Nilipofika mwisho nikamgeukia Fide nipate makofi yangu. Alikuwa amekaa wima kitandani. Anatikisa kichwa. Akajipiga kifua. Akachukua simu akaandika, akanigeuzia: YANGU.

"Nini yako?"

Akaonyesha mdomo wangu, akaonyesha kifua chake. MISTARI YANGU. MAIKI NILISHIKA MIMI.

Sasa huo ni uongo wa mchana kweupe. Nilishika mimi. Nakumbuka jinsi maiki ilivyokuwa na unyevu wa mate ya Mang'ula. Tumebishana juu ya jambo hili kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata mara moja tukiwa kanisani kwenye foleni ya kupakwa majivu ya Kwaresima. Beka ukimuuliza anasema maiki aliishika yeye, kwa hiyo hafai kuwa shahidi. Nikamwambia Fide aandike anavyotaka, maana kwa sasa mwenye sauti ndiye anayesimulia.

Nilisema kwa utani. Ndivyo tunavyoongea siku zote.

Lakini uso wake ulianguka. Aliiweka simu kifudifudi kwenye shuka, akaikunja ile fulana ya Beka taratibu, akairudisha sandukuni. Kisha akaichukua simu tena, akaandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika upya. Alipoigeuza yalikuwa maneno matatu tu.

Na isiporudi je?

Mimi mwenye mdomo nilikunja kofia za sufu, nikafunga sanduku, nikasema cherehani inanisubiri. Njiani niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa hata mwanangu alipougua malaria ya kichwa. Niliogopa kwamba nitakaa dukani miaka yote iliyobaki nasikia bajaji zikipita na hakuna hata moja iliyo yeye. Na nilijichukia kidogo, kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kwa ajili ya watoto wake na kazi yake, mimi naogopa kwa ajili ya ujana wangu.

Siku zile zilizobaki nilikwenda bila sanduku. Tulikuwa tunachambua maharage.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi hospitali. Fide aliendesha bajaji mwenyewe, mimi na wifi tumekaa nyuma, spika juu zimefunikwa turubai. Hakuna aliyesema neno njia nzima, ilikuwa kana kwamba sote tumepewa amri ile.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mpole. Alitusalimia shikamooni, akavaa miwani, akaanza na majibu ya kipimo. Ni kinyama cha kawaida. Kimetokana na kuitesa sauti miaka mingi.

"Si kansa," alisema, na neno lililokuwa linazungukwa kwa wiki zote hizo likawa limetajwa na limekwisha.

Wifi Skola alisema "Asante Yesu" mara nyingi mfululizo, amenishika mkono, kucha zake bado ziko kwenye kiganja changu ninapoandika. Fide alifumba macho. Sikuwahi kumwona akifumba macho namna ile, hata kanisani.

Daktari akamulika koo, akaangalia, akaridhika. Akavuta kiti karibu.

"Sasa baba, sema jina lako. Taratibu. Usinong'one na usilazimishe."

Fide alifungua mdomo. Pumzi ikatoka, pumzi tupu, kama tairi la baiskeli. Wifi akaniachia mkono. Daktari akamwambia asiogope, anywe maji, ajaribu tena. Akanywa. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Fidelis."

Wifi Skola aligeuka kuangalia mlangoni kuona nani ameingia.

Sitanii. Aligeuka kabisa. Sauti ilikuwa nyororo, nyembamba kidogo, safi kama ya mtu anayesoma somo la kwanza kwenye misa. Haikuwa na changarawe hata chembe. Mimi nilimtazama mdomo, nikaona midomo inafuata maneno, na bado nilikuwa kama naangalia sinema iliyotiwa sauti ya mtu mwingine. Miaka yote hii namjua, na sikuijua.

"Mkwaruzo haupo tena?" wifi aliuliza.

"Mkwaruzo ndio uliokuwa ugonjwa, mama," daktari alisema.

Nikawaza ukumbi mzima uliosimama kuushangilia ugonjwa, na mimi mbele kabisa.

Daktari akaendelea na masharti. Spika apumzike nazo kwanza. Akianza, aanze kidogo kidogo, na arudi kwake amfundishe namna ya kutangaza bila kujikamua. Kupiga kelele shambani asahau kabisa. Fide aliitikia kila kitu kwa kichwa, kwa mazoea ya kimya. Tulipokuwa tunasimama kuaga, akamgeukia daktari kama mtu anayetoa ushahidi.

"Na ile mistari ni yangu."

Daktari akatutazama mmoja mmoja. Wifi akashika mdomo. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kushika meza ya serikali. Nikamwambia aichukue, aichukue yote, na kofia za sufu nitamwongezea. Mistari ni yangu, hilo mwandikie yeyote unayemtaka. Lakini kwa mtu aliyetoka kuambiwa kwamba ataishi na ataongea, mistari minne ni kitu gani?

Nje furaha ilikutana na jambo jingine. Pale getini kuna mama anauza vitumbua, anamfahamu Fide tangu aanze kutangaza. Alikuwa ameinama anageuza vitumbua kwenye kikaango. Fide akamsalimia, akamuuliza habari za biashara.

"Nzuri, kaka. Karibu," alijibu bila kuinua kichwa, kama unavyomjibu mpita njia.

Fide hakujitambulisha. Alirudi kwenye bajaji akashika usukani, hakuwasha.

"Umeona?" alisema na ile sauti yake ya kuazima. "Nani atanijua, Kole?"

Nilitaka kumwambia watu watazoea. Nilitaka kumwambia maneno ni yaleyale, vina ni vilevile. Sikusema, maana hata mimi nilikuwa bado naizoea, na Fide angeisikia shaka kwenye sauti yangu. Wifi Skola alisema mwenye afya hahitaji kujulikana, twende nyumbani. Tukaenda.

Nyumbani kwao tulimkuta mama yake Fide. Alikuwa Mngeta kwa binti yake tangu mavuno yaanze, amerudi leo asubuhi na basi wakati sisi tumeshaondoka. Ni mtu mzima sana sasa, na macho yake yamebakiza mwanga na vivuli tu. Alijua mwanawe anatibiwa koo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba leo ndiyo siku. Alikuwa amekaa uani ametugeuzia mgongo, ungo mapajani, anapepeta mchele, na kandokando yake watoto wa jirani wanacheza, kuku wanapigana, majirani wanapita kuchota maji, kelele tupu.

Fide alisimama mbali naye kidogo. Wifi naye alikuwa amesimama na mfuko wa dawa, hasogei.

"Shikamoo, mama."

Ungo haukusimama hata kidogo.

"Marahaba, Fide. Hebu nisogezee hili jamvi, jua limenifuata."

Tulibaki tumeduwaa, sisi wawili na masikio yetu mazima. Hakuuliza ni nani. Hakuuliza sauti imekuwaje. Kumbe kwake si sauti mpya. Ni ile aliyoilea mwenyewe kabla hatujaipeleka dunguni, na sisi wote tulishaisahau, hata mwenye nayo.

Fide akainama, akalivuta jamvi mpaka kivulini, akamwongoza mama kwa mkono, akakaa chini pembeni yake akaanza kumsimulia habari za hospitali, taratibu, kama alivyoagizwa. Na mama anaitikia "mh, mh," anapepeta.

Mimi nikageukia ukuta. Wifi Skola akanifuata akaniuliza kama nimepata mafua na baridi hii.

Nikamjibu ndiyo, ni mafua.